Finehasi na ngazi ya jirani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Yoshua 22:9-34. Naomba muisome sura yenyewe kwanza, kwa sababu ni ndefu na mimi nitakuwa narukaruka.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2023, mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa bandarini. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari zetu tarehe 10 Juni, na kuanzia siku hiyo kila mwenye simu akawa mwanasheria wa mikataba. Tarehe 18 Agosti Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuyapinga, likasomwa makanisani kwao Jumapili iliyofuata. Sisi Walutheri halikusomwa kwetu, lakini simu haiulizi usharika. Hadi saa nane mchana lilikuwa limeingia katika kila kikundi nilichomo, cha kwaya, cha ukoo, hata kile cha mtaa wetu ambacho kazi yake ni ulinzi shirikishi, michango ya misiba na kulalamikia maji.

Kwenye kikundi cha mtaa tumo Wakristo na Waislamu. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya kupakia na kupakua meli, akaandika mstari mmoja: "Na maaskofu nao wameingia bandarini?" Basi. Hakuna tusi, hakuna stika. Mimi nikasoma, damu ikapanda. Nikaandika, nakumbuka kila neno kwa sababu sikuweza kulifuta kabla halijapigwa picha: "Mzee wangu, bandari ingekuwa inauzwa kwa Wazungu mngeshasema zamani. Ila kwa kuwa ni Mwarabu, mmekaa kimya."

Angalieni hiyo "m". Mtu mmoja kauliza, mimi nikamjibu kwa wingi. Nimemkunja yeye, msikiti wake na Rais, nikawafunga kitita kimoja.

Juu ya skrini ikatokea "anaandika…" Ikakaa muda mrefu. Ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena, na mzee hakuandika chochote, siku hiyo wala mwezi ule. Wengine waliandika, tena sana. Wakaingiza Uzanzibari wa Rais, wakaingiza bucha za nguruwe zilizovunjwa Magomeni mwaka 1993, mpaka admini akafunga kikundi, akaweka sheria: hapa hakuna siasa wala dini. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza bila kuinua macho, "Umemshinda?" Nikasema nadhani nimemshinda. Akasema, "Haya. Mvua zikija kamwombe ngazi."

Nitairudia ngazi. Twende Yoshua.

Makabila mawili na nusu, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, walikuwa wamepewa nchi ng'ambo ya Yordani, upande wa mashariki. Lakini waliacha wake, watoto na mifugo yao huko, wakavuka kuwapigania ndugu zao mpaka nao wakapata nchi. Hawakuwa watu baki, walikuwa wamemwaga damu pamoja. Vita vikaisha, Yoshua akawabariki, wakashika njia ya kwao. Walipofika Yordani wakajenga madhabahu. Tena kubwa, ya kuonekana kwa mbali.

Habari zikafika kabla ya watu. Biblia inasema wana wa Israeli walisikia ikisemwa. Nani alisema? Haijaandikwa. Ni ule ujumbe wenye alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi. Na papo hapo mkutano mzima ukakusanyika Shilo ili uende kupigana.

Tusiwacheke. Walikuwa na hoja, na hoja yao ilikuwa ya Maandiko. Torati ilikuwa imekataza kutoa sadaka mahali popote isipokuwa pale atakapopachagua Bwana. Someni Kumbukumbu la Torati 12. Madhabahu ya pili ilikuwa uasi, na uasi wa wachache ulikuwa umewahi kuwaangamiza wengi. Kwa hiyo si watu waliogombana kwa upuuzi. Nasisitiza hapa kwa sababu tumezoea kufundishana kwamba dawa ya mabishano ni kusema "jambo hili dogo, tuliache". Madhabahu halikuwa jambo dogo. Wala bandari si jambo dogo.

Ila Torati hiyohiyo, sura inayofuata, ya 13, inasema ukisikia kwamba mji fulani umegeukia miungu mingine, uulize, utafute, upeleleze kwa bidii, uone kama ni kweli. Vitenzi vitatu kabla ya upanga. Walioshika sura ya 12 walilazimika kuishika na ya 13. Mimi katika miaka yangu ya kubishana nimekuwa hodari sana wa sura ya 12.

Wakamtuma Finehasi mwana wa Eleazari, kuhani, pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Hapo ndipo nilipokaa juma zima. Finehasi tunamjua. Ni yule wa Hesabu 25, aliyechukua mkuki akawachoma mtu wa Israeli na mwanamke Mmidiani kwa pigo moja, siku za Peori, Israeli walipoabudu Baali na tauni ikaua watu 24,000. Kama kuna mtu asiyefaa kutumwa kwenda kusikiliza, ni huyu. Lakini huyu ndiye mtu pekee ambaye hakuna mtu angeweza kumwambia, "Wewe huna uchungu na Mungu." Alipokubali kuuliza kwanza, wote wenye mikuki ilibidi wasubiri.

Na hakuanza vizuri! Soma mstari wa 16. Amefika Gileadi, badala ya kuuliza "hii ni nini?" anaanza na "kosa gani hili mlilolikosa?" Anawatajia Peori, anawatajia Akani, yule ambaye wizi wake uliwaponza Israeli wote. Yaani anabishana na wenzake huku donda lake mwenyewe linavuja. Mara ngapi tumemjibu mtu wa leo kwa hasira ya mtu wa mwaka 1993? Hata hivyo Finehasi alifanya mambo mawili ambayo mimi sikuyafanya. La kwanza, alikwenda. Alivuka mto, akasimama mbele ya nyuso zao. La pili limo katikati ya ukali wake, mstari wa 19, na wengi huwa tunalipita: kama nchi yenu ni najisi, basi vukeni, mje kwenye nchi yetu, mkakae kati yetu.

Mshtaki anamwambia mshtakiwa nitakumegea shamba langu. Makabila yaliyomtuma yalikuwa yameipigania ardhi hiyo kwa damu, na mipaka ilikuwa imetoka kupigiwa kura juzi tu. Anasema afadhali mimi nipungukiwe kuliko wewe uanguke. Sijawahi kuona hoja ya namna hiyo kwenye simu yangu. Nimeona aya za Biblia, aya za Qurani, vifungu vya Katiba na picha za mikataba zilizozungushiwa wino mwekundu. Mtu anayesema "kama una shida ndiyo maana unafanya hivi, njoo nikupunguzie shida", huyo sijamwona.

Sasa wenzao wakajibu. Wanaanza kwa kumtaja Mungu kwa majina yake, mara mbili mfululizo, kwamba yeye anajua. Halafu wanasema neno ambalo hakuna mtu Shilo aliyeliwazia. Madhabahu hii si ya sadaka. Tuliijenga kwa hofu. Tuliogopa kwamba siku moja watoto wenu watawaambia watoto wetu: ninyi mna nini na Bwana? Yordani ndio mpaka, ninyi hamna sehemu kwake.

Kilichoonekana kwa mbali kama kujitenga kilikuwa ni kilio cha kutotaka kutengwa. Na jeshi lililokuwa limekusanyika Shilo lilikuwa karibu kuwathibitishia hofu yao yote.

Novemba ile ya 2023 mvua za vuli zilikuja na El Nino. Bati langu la juu ya chumba cha watoto likaanza kuvuja, pata-pata-pata, ndani ya beseni. Miaka tisa nimekuwa nikiazima ngazi ya chuma ya yule mzee. Nilikuwa hata sibishi hodi, napitisha sauti juu ya ukuta. Mwaka ule nikakodi kwa fundi, elfu tatu kwa siku. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu fundi hakuwepo na beseni lilikuwa limejaa.

Nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Ngazi ipo nyuma." Alijua. Nikasimama pale kama mtoto aliyetumwa duka akasahau alichotumwa. Nikamwambia nimekuja kwa ngazi, lakini nina deni lingine. Akaniambia nikae, akaniletea kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliuliza kweli. Nilitaka kujua maaskofu wamesema nini. Wewe ukasikia natukana." Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. Alikuwa amechapisha makubaliano yale, ya Kiingereza, mjukuu wake akiwa amemwandikia maana kwa penseli pembeni. Akanifungulia Ibara ya 23, ile ya kutojitoa hata pakiwa na ukiukaji mkubwa. "Hii inaninyima usingizi kuliko wewe. Kijana wangu yuko getini pale bandarini. Lakini niseme wapi? Nikisema kwa watu wangu, naambiwa nimenunuliwa na kanisa. Nikisema kwenu, nishajibiwa kabla."

Nishajibiwa kabla. Mithali 18:13: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Mimi nilikuwa sijaisoma hata ibara moja. Nilichokuwa nakijua kuhusu mkataba ni ile "miaka mia" iliyokuwa inazungushwa. Mikataba ya utekelezaji iliyotiwa saini Dodoma tarehe 22 Oktoba ilitajwa kuwa ya miaka 30, na DP World, kampuni ya Dubai, ikapewa gati namba 4 hadi 7. Mzee alikuwa anaujua mwaka wa kila gati na kina chake. Hatukukubaliana yote siku ile. Yeye anaamini bandari ilihitaji mwendeshaji mwingine kwa sababu ameziona meli zikingoja nje siku baada ya siku. Mimi naamini tulipewa maelezo machache mno. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, akanipigia meza mara mbili.

Kuna atakayeniuliza: na kama madhabahu kweli ni ya sanamu? Swali zuri. Si kila ugomvi ni kutoelewana. Wapo watu mtandaoni wanaotunga uongo kwa makusudi, wanalipwa, na ukiwaendea na kahawa watakupiga picha. Mithali 26 inakuambia usimjibu mpumbavu, na mstari unaofuata inakuambia mjibu. Iko hivyo kwa makusudi, ili ukae chini ufikiri umekutana na yupi. Wala sisemi maaskofu wangeenda Ikulu kimyakimya na kikombe cha kahawa. Jambo la wote husemwa mbele ya wote. Agosti ileile baadhi ya wakosoaji wakubwa wa mkataba walikamatwa na polisi. Siku ambazo watu wanakamatwa kwa kusema, kuhubiri kwamba Mkristo mwema anakaa kimya ni kumsaidia aliyekamata. Ndiyo maana hata ile sheria ya admini, hakuna siasa wala dini, sikuipenda na nimemwambia. Inatuacha kila mtu na Shilo yake.

Jambo moja zaidi katika sura hii, mstari wa 32 na 33. Finehasi na wakuu walirudi, wakawaletea watu habari. Waliokuwa wamesikia mashtaka wakasikia na majibu, wakamhimidi Mungu, wakaacha kusema habari za vita. Wazee hawa walirudisha jibu palepale uvumi ulipotoka. Mimi niliomba radhi kwa mzee barazani kwake, watu wawili na paka. Lakini maneno yangu niliyasema mbele ya watu 140. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha, tena kwa swali vilevile: "Umerudi Shilo?"

Nikaandika kwenye kikundi. Mistari mitatu, sikutaja Ibara wala bandari ili nisivunje sheria ya admini, nilisema tu kwamba Agosti nilimjibu mzee wangu vibaya, alikuwa ameuliza na mimi nikamshtaki, na nimekosea. Tiki zikawa za bluu moja baada ya nyingine. Wawili wakaweka mikono ya dua. Mmoja akauliza maji yanatoka lini.

Halafu juu ikatokea "anaandika…" Nikashika pumzi. Mzee akaandika: "Ngazi uirudishe, na mimi bati langu linavuja."