Kufunga kamera ya mtego nyuma ya nyumba

Kamera ya mtego hujipigia picha yenyewe mnyama anapopita. Ifunge kwenye mti, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, yaani kimo cha goti. Ukiipandisha zaidi, wanyama wadogo watapita chini bila kunaswa. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua likiwa chini huipiga lenzi na picha hutoka nyeupe tupu. Fyeka majani yote yaliyo mbele, hata lile moja unalodhani halina madhara: kihisi huamshwa na joto linalosogea, na jani lililopashwa jua likipepea hujaza kadi ya picha kabla ya usiku. Ilaze mshazari na njia ya wanyama. Ikiikabili kwa ubavu, mara nyingi utaambulia mkia. Na saa irekebishwe kwanza. Picha yenye tarehe ya uongo ni pambo tu.

Asubuhi kagua nyayo pia. Za jamii ya paka, duma akiwekwa kando, kwa kawaida hazina alama za kucha. Za mbwa na mbweha zinazo.