Miguu ya mama

Jamani, jana usiku mama yangu kalala hadi adhana ya alfajiri. Wenye mgonjwa wa kisukari nyumbani mtanielewa. Miaka miwili, hapa Wete, kila usiku alikuwa akiitoa miguu nje ya shuka na kuiweka kwenye sakafu ya saruji ipate baridi. Hata khanga ikimgusa vidole anashtuka. Panado kazimeza mpaka kachoka.

Daktari akampa amitriptilini. Mama kusikia ni dawa ya sonona, akakataa: "Mie sina wazimu, mwanangu."

Nikarudi kuuliza, na nilichoelezwa kimenikaa. Maumivu haya hayatoki kwenye kidonda. Mishipa ya fahamu yenyewe imeharibika, inapeleka habari za moto usiokuwepo. Ubongo nao una njia yake ya kuinyamazisha: hushusha kemikali kama noradrenalini hadi kwenye uti wa mgongo, na zikishika vipokezi vyake, kama ufunguo kwenye kufuli, ishara ya maumivu hupungua. Dawa hii huzifanya zikae pale muda mrefu zaidi. Kwa maumivu hutolewa dozi ndogo kuliko ya sonona, na hutaka wiki kadhaa.

Nikamweleza vivyo hivyo, tumekaa mkekani. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, nipe maji."

Mwanzoni kinywa kilimkauka, na asubuhi akiamka mzito. Sasa ni wiki ya tano. Moto haujaisha wote, lakini jana kajifunika khanga mpaka vidoleni.