Ushauri wa "unga kwenye taa" ulivyonilia chaja mbili

Kila kijiwe cha bodaboda hapa Dar kina fundi wa mdomo, na ukiuliza habari ya kuchaji simu barabarani wote wana jibu moja: "Unga kwenye taa kubwa tu, kaka." Mimi niliunga.

Pikipiki yangu ni ya cc 125, betri ya volti 12. Nikachuna waya wa taa, nikafunga soketi ya USB ya Kariakoo, elfu saba au nane hivi, nikawasha. Simu ikalia "ti!", inachaji. Nikaachia resi, chaji ikakata. Nikavuta, ti! Kila tuta, kila foleni, ti, ti, ti, na kila ikilia kioo kinawaka chenyewe. Nilitoka Mbezi na asilimia 41, nikafika Mwenge na 33. Nachaji na simu inaisha! Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Kuifungua soketi, kapasita, kile kikopo kidogo kinachotuliza umeme, imevimba kichwa kama andazi. Nikasema ni bahati mbaya, nikanunua nyingine. Andazi la pili.

Kumbe kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haili kwenye betri. Inapata umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, unaopanda na kushuka kwa resi, na nusu ya muda umegeuka kinyume. Soketi ya USB inataka DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, uliotulia. Kipimo chake hakihitaji hata mita ya umeme: zima injini, fungua swichi ya ufunguo, washa taa kubwa. Isipowaka mpaka injini iungurume, usiuguse waya huo.

Waya nilioutumia mwisho ni wa swichi ya taa ya breki ya nyuma. Swichi hiyo ina nyaya mbili, na mmojawapo unapata moto wa betri kila swichi ya ufunguo ikifunguliwa, hata hujakanyaga breki. Rangi usiziamini, hasa kama pikipiki imeshapita mikono ya mafundi watatu. Weka mita kwenye DC volti 20, ncha nyeusi kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi, ncha nyekundu kwenye waya. Ufunguo ukiwa umefunguliwa isome 12 na kitu, ukifungwa isome 0. Injini ikichanganya yangu inafika 14 kasoro.

Wengine wanaunga betri moja kwa moja. Inafanya kazi, ila soketi yenyewe inanyonya kidogo hata bila simu, na ile taa yake ya bluu ndiyo mlafi. Chukulia inanyonya miliampea 20: betri ya Ah 5 (ampea 5 kwa saa moja) inakauka kwa siku kumi hivi. Anayelaza pikipiki wiki mbili akisafiri atarudi kupiga kiki.

Fyuzi usiiruke. Simu ikinyonya ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10, yaani upande wa betri haifiki hata ampea 1 na nusu. Fyuzi ya ampea 3 inatosha, na ikae karibu na pale ulipochukua moto, siyo karibu na soketi, maana waya ukichunika njiani chini ya tangi ndio unaowaka. Ya akiba nimeibandika kwa tepu pembeni ya kishikio chake, kwa sababu namjua mtu (namjua vizuri sana) aliyewahi kuweka karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi.

Soketi za bei ya chini kabisa ndani zina kidude kimoja cha miguu mitatu kinachoshusha volti 14 hadi 5 kwa kugeuza zinazobaki kuwa joto. Ukivuta ampea 1 ni wati 9 za moto ndani ya plastiki. Tafuta yenye koili ndogo ya shaba ndani, iliyoandikwa 12–24V kuingia na 5V 3A kutoka. Ampea 1 haikusaidii: ramani, data na kioo chenye mwanga wa mchana vinaila yote. Na waya wa simu uwe mfupi na mnene.

Mvua niliishinda kwa tyubu kuukuu. Kata pete ya tyubu, ivute juu ya kiungo cha soketi na waya, halafu mdomo wa soketi uelekee chini. Waya uache uning'inie kidogo kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo.

Mtetemo ndio unaoua tundu la simu. Tumia kichwa cha waya kilichopinda, na ufunge waya kwenye kishikilia simu, usivutwe na usukani ukikata kona. Kati ya kishikilia na usukani nimeweka kipande cha soli ya kandambili. Apple wenyewe walitahadharisha mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Kitu kimoja bado kinanisumbua, jua la saa saba. Simu ndani ya mfuko wa nailoni inapata joto mpaka inakataa chaji yenyewe, na hapo usianze kufungua nyaya ukidhani fyuzi imekatika. Toa mfuko, ipigwe upepo kilomita mbili tatu, itaanza kuchaji tena.