Ubao wa funguo

Leo asubuhi, nikitoka stesheni ya Tabora kumpokea dada yangu aliyekuja na treni ya Kigoma, nilikuta mafundi wakibomoa lile duka la magari ambalo familia moja iliendesha kwa vizazi viwili.

Hapo ndipo baba aliponunua Peugeot 404 iliyokwisha kutumika, nami nikiwa na miaka saba. Mzee aliuza, mkewe aliandika malipo katika daftari kubwa, na mtoto wao alishinda chini ya magari kwenye karakana ya uani. Gari hilo lilikuwa na heshima yake, kwa maana Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda nalo mbio za Safari mwaka 1966 na 1967, na mzee hakuchoka kutusimulia.

Kilichonigusa leo ni ubao wa funguo.

Ulikuwa umeegemezwa kwenye mwembe, misumari yake ikiwa mitupu, na chini ya kila msumari mbao imechubuka pale funguo zilipokuwa zikigonga miaka yote hiyo. Niligusa msumari wa tatu, ambapo ufunguo wetu ulining'inia wiki tatu nzima baba akitafuta fedha zilizopungua, huku mzee akikataa kumuuzia mtu mwingine.

Fundi alinipa ubao huo. Uko hapa sebuleni, na bado unanukia grisi.

Ndugu zangu wa Tabora, nani analikumbuka duka lile? Na gari la kwanza nyumbani kwenu lilinunuliwa kwa nani?