Barakoa za boksi ndizo zilizowafungua midomo

Nilipopata kibali cha kuingiza maigizo gerezani, mtaalamu mmoja wa warsha alinielekeza kwa sauti ya mtu asiyepingwa: waketi duara, kila mmoja asimulie kilichomleta. Nikatii. Walitazama sakafu. Mmoja akasema kesi yake iko kwenye rufaa, wakili kamkataza kuizungumzia. Mwingine akaniuliza kama mimi ni askari kanzu. Kikao kilichofuata, nusu hawakutokea. Mtu kahojiwa polisi, kahojiwa mahakamani, halafu uje kumhoji tena eti ni sanaa!

Nikageukia barakoa. Kundi la maigizo ya magerezani la Geese Theatre, lililoanza Marekani mwaka 1980 na kufika Uingereza mwaka 1987, huzitumia hivi: barakoa ikiwa usoni, mhusika husema anachotaka wengine wasikie, akiiinua, husema kilichomo moyoni. Lakini getini walizuia mikasi, gundi na kamba, na kufunika sura gerezani ni jambo zito. Basi boksi tukalichana kwa mikono, macho tukayatoboa kwa vidole, na badala ya kuifunga kwa kamba kila mtu akaishika yake mkononi. Uongozi ukaridhika, maana mkono ukishuka sura inaonekana. Kumbe ya mkononi ndiyo inayopanda na kushuka upesi! Sijigambi. Haya, najigamba kidogo.

Igizo lenyewe: mtu katoka kifungoni, anakuta mdogo wake kauza vitu vyake vyote. Barakoa usoni: "Hamna shida, mdogo wangu." Barakoa juu: siwezi kuyaandika hapa. Ukumbi ulilipuka.

Hapo nikachomeka mbinu ya mwanatamthilia Augusto Boal wa Brazili: onyesho linarudiwa, mtazamaji anapaza sauti "Simama!", anashika nafasi ya mhusika na kujaribu njia yake. Yule wa rufaa ndiye aliyetangulia. Kesi yake hakuigusa. Alimbana mdogo mtu atoe hesabu ya kitu kimoja kimoja, mpaka godoro. Askari wa zamu akashindwa kuvumilia, akadai acheze mama mtu.

Kila nafasi ishikwe na watu wawili, kwani kuna atakayehamishwa asubuhi ya onyesho. Hesabu ya wafungwa isipotimia, hakuna mazoezi, usibishane. Gharama ilikuwa nauli yangu tu, maboksi tuliokota.

Mtaalamu wangu kanipigia, anaziomba barakoa kwa ajili ya warsha yake. Nimemwambia achane zake.