Nilivyojifunza Kujiandaa kwa Kamera bila Kuudhuru Mwili

Miaka miwili ya mwanzo ya kazi yangu ya uanamitindo wa mazoezi niliamini kwamba mwili unaoonekana pichani ndio ninaopaswa kuwa nao kila siku. Kila nilipoitwa kazini nilikata chakula ghafla, nikakimbia asubuhi na jioni, na siku moja kabla ya kupigwa picha niliacha kunywa maji ili ngozi ishikamane na misuli. Picha zilipendeza, lakini hedhi yangu ilikoma kwa miezi mitano, nikawa nahisi baridi hata nikiwa nimejifunika, na chuma nilichokuwa nikikibeba mabegani wakati wa kuchuchumaa kilishuka kutoka kilo 70 hadi 50.

Daktari alinieleza kwamba mwili ukikosa nishati ya kutosha baada ya mazoezi husimamisha shughuli zinazoweza kusubiri, uzazi ukiwa miongoni mwazo, na kwamba homoni ya estrojeni ikishuka mifupa nayo hudhoofika, hata kwa mtu anayenyanyua vyuma. Nilikuwa nimefurahia kupumzika na hedhi, kumbe ilikuwa dalili ya hatari, na hadi leo jambo hilo huniuma ninapoona mabinti wengine wakilichukulia kama sifa ya kazi.

Kilichonisaidia ni kujipa muda. Badala ya wiki tatu, sasa najiandaa kwa wiki 12 hadi 16, nikipunguza takriban kalori 300 kwa siku, huku protini nikiiacha palepale, gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wangu. Nanyanyua vyuma siku nne kwa wiki na kuandika kila seti daftarini. Nguvu zikipungua wiki mbili mfululizo, naongeza chakula. Hedhi ilirudi.

Kuhusu maji nilikuwa nimepotoka kabisa. Misuli huhifadhi wanga pamoja na maji, kwa hiyo anayejikausha huisinyaza misuli ileile anayotaka ionekane, mbali na kuuweka moyo wake hatarini. Siku ya picha sasa nakula wanga na kunywa maji kama kawaida, kisha dakika kumi kabla ya kuitwa navuta mpira wa mazoezi na kupiga pushapu mpaka mabega yajae damu. Mpiga picha huweka taa ubavuni ili kila msuli uwe na kivuli chake, nami natoa pumzi polepole, nakaza tumbo na kutulia hivyo kwa sekunde chache. Saa moja baadaye mabega yale huwa yamekwisha kunywea.

Mkataba ndio ulionipa taabu zaidi. Wateja walizoea kuniita wiki tatu kabla, nami nilimwandikia wakala wangu kwamba kazi zinazohitaji mwili mkavu, yaani wenye mafuta kidogo, nitazipokea kwa taarifa ya wiki 12, na kwamba picha zisitumike kupita muda uliotajwa bila malipo mapya. Mwezi ule nilikosa kazi mbili. Mteja wa tatu, mtengenezaji wa mavazi ya mazoezi, alikubali masharti yote, nami nilisimama mbele ya kamera nikiwa mzito kwa kilo mbili kuliko katika picha zangu za zamani. Wiki hiyohiyo nilichuchumaa na kilo 75.