Windows inapolalamikia memori huku RAM bado ipo

Watumiaji wengi wa Windows wanalifahamu lile dirisha dogo linalojitokeza katikati ya kazi na kutangaza kwamba memori ya kompyuta imepungua, hivyo mtu ahifadhi mafaili yake na kufunga baadhi ya programu. Ushauri unaofuata, uwe wa fundi au wa jirani, karibu kila mara ni uleule: nunua RAM, yaani chipu za memori ambamo programu hufanyia kazi. Ndivyo tulivyoshauriwa kuhusu kompyuta yetu ya nyumbani yenye RAM ya GB 8, ilhali nilipofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi na kiasi cha memori zinachotumia, onyo likiwa bado kwenye skrini, nilikuta takribani GB 2 zikiwa hazitumiwi na programu yoyote.

Hakuna mkanganyiko wowote hapo, kwa sababu onyo hilo halipimi RAM peke yake. Programu inapofanya kazi huiomba Windows kiasi fulani cha memori, na Windows ikikubali inakuwa imetoa ahadi ambayo ni lazima iweze kuitimiza, hata kama programu hiyo haitagusa nusu ya ilichoomba. Jumla ya ahadi zote hairuhusiwi kuvuka kikomo, nacho ni RAM yote pamoja na faili maalumu lililo kwenye diski, liitwalo pagefile.sys. Ni kama mtu makini aliyeletewa kadi za michango ya harusi, ambaye huhesabu fedha aliyo nayo mkononi na akiba iliyoko benki, kisha haandiki ahadi inayozidi hapo, ijapokuwa tarehe ya kukusanya bado iko mbali. Jumla hiyo inapokikaribia kikomo, onyo hutoka.

Hesabu yenyewe haijafichwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda Performance, chagua Memory, kisha tazama chini palipoandikwa Committed. Kwetu palisomeka 7.4/7.9 GB, na namba ya pili ndiyo iliyonishtua: kikomo kilikuwa sawasawa na RAM, maana yake pagefile haikuwapo kabisa. Kompyuta ilinunuliwa ikiwa imetumika, na mtu fulani kabla yetu aliizima, pengine ili kuokoa nafasi kwenye diski ndogo ya SSD au kwa kuamini ule ushauri uliozagaa mitandaoni kwamba kuizima huongeza kasi. Mimi siuoni kama ushauri; mashine ya GB 8 isiyo na pagefile ni mashine inayosubiri onyo.

Kuirudisha ni kazi fupi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua Advanced, ingia Settings za Performance, kisha Advanced tena, na chini ya Virtual memory bonyeza Change na uweke alama ya vema kwenye mstari wa kwanza, ule unaoiachia Windows isimamie ukubwa wenyewe, halafu uwashe mashine upya. Diski C nayo iwe na nafasi, kwa kuwa pagefile haiwezi kukua ndani ya diski iliyojaa. Hapo ndipo kufuta video za zamani kunapoweza kusaidia memori, jambo ambalo kwa kawaida halina uhusiano.

Kikomo kilipanda, lakini ahadi nazo ziliendelea kupanda kila siku, na hapo kulikuwa na tatizo la pili. Orodha ya kawaida ya Task Manager haionyeshi ahadi za kila programu. Inabidi uende Details, ubonyeze kulia kwenye vichwa vya safu, na uongeze safu ya Commit size. Nilitarajia kukuta kivinjari na vichupo vyake vingi, kumbe juu kabisa palikuwa na huduma ya printa, programu inayojiwasha yenyewe na ambayo hakuna aliyeifungua, ikiwa imejilimbikizia memori bila kuirudisha. Event Viewer, daftari la Windows la kuandikia matukio, ilikuwa imeitaja muda wote: kwenye kumbukumbu za System, tukio namba 2004 huandika majina ya programu zilizochukua memori nyingi zaidi wakati wa onyo, pamoja na idadi ya baiti.

Wanangu waliuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje hali hiyo idumu ilhali kompyuta huzimwa kila usiku. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo na huduma zake kwenye diski ili asubuhi mashine iwake haraka, hivyo huduma inayovuja huamka na uvujaji wake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Tuliiondoa programu hiyo ya printa na kuweka draiva pekee, yaani sehemu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na printa, na printa inachapa kama kawaida.

Zile programu zinazojitangaza kuwa husafisha memori hazifai kitu hapa, kwani husukuma tu data kutoka RAM kwenda kwenye diski, na ahadi hubaki palepale.

RAM inunuliwe pale ambapo RAM inayotumika haishuki chini ya asilimia 90 na diski inahangaika muda wote hata ukiandika barua tu. Hata hivyo angalia kwanza aina yake, kwa sababu DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, baadhi ya laptopu zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na Windows 10 ya biti 32 kwa mashine ya nyumbani haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukichomeka 16.